Meno bandia ya kuvua yanayoshikiliwa na vipandikizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mtu aliyepoteza meno yote ya taya moja au ya mataya yote mawili. Aliyepoteza jino moja au mawili ana njia nyingine, na hizo hazikuelezwa hapa.

## Mambo ya msingi

1. Meno bandia yanayoshikiliwa na vipandikizi ni nini hasa?

Ni meno bandia kamili ya akriliki, yanayofanana kwa sura na yale ya kawaida, isipokuwa kwamba upande wake wa ndani una vishikizo vinavyobana juu ya vipandikizi vilivyosimikwa katika mfupa wa taya. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani, mara nyingi yenye unene wa milimita 3.5 hadi 4.5, inayoshika nafasi ya mzizi wa jino. Juu yake hufungwa kichwa cha chuma kinachochomoza kidogo kwenye ufizi, na meno hubana hapo kama vifungo vya kubana vya nguo: ukiyasukuma yanaingia, ukiyavuta yanatoka. Mvaaji huyavua mwenyewe kila siku kwa ajili ya usafi, bali vipandikizi hubaki kinywani daima.

2. Mfupa unakubalije chuma, na je, mwili hauwezi kukikataa?

Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, akagundua kwamba vifaa vya titani alivyovipachika havikutoka tena, kwa kuwa mfupa ulikuwa umeota hadi kushikamana navyo. Mwaka 1965 Gösta Larsson akawa mgonjwa wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya namna hiyo, katika taya la chini, mjini Gothenburg. Alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006.

Kipandikizi si kiungo cha mtu mwingine, kwa hiyo mwili haukikatai kama unavyoweza kuukataa figo uliopandikizwa, wala mgonjwa hahitaji dawa za kuudhibiti mwili usikikatae. Kinapofeli, sababu huwa ni maambukizi, kutikisika kabla mfupa haujakishika, mfupa dhaifu, au mzigo uliozidi uwezo wake.

3. Yanatofautianaje na meno ya vipandikizi yasiyovuliwa?

Yasiyovuliwa hufungwa kwa skrubu juu ya vipandikizi vinne au zaidi katika taya moja, na daktari pekee ndiye huyafungua. Humpa mtu hisia iliyo karibu zaidi na meno yake ya asili, lakini gharama yake ni kubwa zaidi, na kuyasafisha kwa chini kunahitaji mkono mwepesi na subira. Ya kuvua yana faida mbili ambazo wauzaji wa huduma hawazitaji sana: husafishwa yakiwa mkononi, na ukingo wake wa akriliki hujaza mdomo na shavu lililobonyea pale mfupa ulipopotea. Kwa mzee ambaye mdomo wake wa juu umezama, ukingo huo humrudishia sura kwa namna ambayo meno yasiyovuliwa hushindwa mara nyingi.

4. Kwa nini madaktari wengi huanza na taya la chini?

Kwa sababu hapo ndipo penye mateso. Meno bandia ya juu hufunika kaakaa lote, na utando mwembamba wa mate huyafanya yanate. Ya chini hukaa juu ya ukingo mwembamba wenye umbo la kiatu cha farasi, ulimi ukiyasukuma kwa ndani, mashavu na mdomo vikiyasukuma kwa nje. Zaidi ya hayo, mfupa usio na mizizi ya meno husinyaa maisha yote, na uchunguzi wa muda mrefu wa wavaaji wa meno bandia umeonyesha kwamba ule wa chini husinyaa takriban mara nne zaidi ya ule wa juu. Matokeo yake ni yule mtu anayeweka meno ya chini mfukoni wakati wa kula na kuyavaa wakati wa kupigwa picha.

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal nchini Kanada, walitamka kwamba kwa mtu asiye na jino lolote katika taya la chini, meno bandia yanayoshikiliwa na vipandikizi viwili ndiyo yawe chaguo la kwanza badala ya meno bandia ya kawaida. Mwaka 2009 tamko lililotolewa mjini York, Uingereza, liliunga mkono msimamo huo. Ni kiwango cha chini kinachofaa, wala hakuna anayedai kuwa ndicho cha juu. Lakini ukiambiwa kwamba bila vipandikizi sita taya lako la chini haliwezi kusaidiwa, una haki ya kuuliza kwa nini.

## Nani anafaa

5. Nina zaidi ya miaka 70. Je, nimechelewa?

Umri peke yake si kizuizi. Kinachopimwa ni afya, wingi wa mfupa na uwezo wa kufanya usafi. Mfupa ulio katikati ya kidevu, mbele ya matundu mawili ambamo mishipa ya fahamu ya mdomo hutokea, huwa umebaki wa kutosha hata kwa mtu aliyekaa bila meno kwa miongo mingi, na hapo ndipo vipandikizi viwili vya chini huwekwa. Kwa vijana ambao bado wanakua, tazama swali la 20.

6. Nina kisukari. Je, nitapona?

Kisukari kilichodhibitiwa hakizuii upasuaji huu. Kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na huongeza maambukizi, hivyo daktari atataka kuona kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita, badala ya kutegemea kipimo cha kidole cha asubuhi ile. Akikuahirisha, anakulinda. Siku ya upasuaji kula na kunywa dawa kama ulivyoelekezwa. Kuja na njaa kwa sababu ya woga kunaweza kukushushia sukari ukiwa kwenye kiti.

7. Ninatumia dawa za mifupa, za kuzuia damu kuganda, au za VVU. Je, nimwambie daktari?

Mwambie, na uje na dawa zenyewe au karatasi zake. Dawa za kuimarisha mifupa kama alendronate, asidi ya zoledronic na denosumab zinaweza, kwa wagonjwa wachache, kusababisha sehemu ya mfupa wa taya kufa baada ya upasuaji. Hatari ni ndogo kwa anayemeza vidonge kwa ajili ya udhaifu wa mifupa, na ni kubwa zaidi kwa anayepewa dozi kubwa kwa sindano kwa sababu ya saratani; huyo wa pili kwa kawaida hashauriwi kuwekewa vipandikizi.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa maana kiharusi ni kibaya kuliko ufizi unaotoka damu. Damu hupimwa kwanza, na madaktari wawili, wa meno na yule aliyekuandikia dawa, hupatana. Mtu mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri na ambaye kinga yake iko imara anaweza kuwekewa vipandikizi kama mtu mwingine yeyote. Aliyewahi kuchomwa mionzi kwa saratani ya kichwa au shingo anahitaji hospitali kubwa yenye wataalamu wa upasuaji wa kinywa na taya, na pengine jibu litakuwa hapana.

8. Je, sigara, ugoro, tambuu na mirungi vina athari?

Sigara ina athari iliyothibitishwa: hubana mishipa midogo ya damu, huchelewesha kupona, na huongeza uwezekano wa kipandikizi kufeli, hasa katika taya la juu. Ugoro unaowekwa kwenye ufizi huumiza nyama palepale unapokaa. Tambuu yenye popoo ina jambo zito zaidi ya rangi nyekundu, kwani popoo husababisha ngozi ya ndani ya mashavu kukakamaa hadi mdomo usifunguke vizuri, na ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya kinywa. Daktari anapaswa kukagua kinywa chote kabla ya kuzungumzia vipandikizi. Mirungi hukausha kinywa, na kinywa kikavu huumizwa haraka na meno bandia ya aina yoyote.

9. Nimebakiwa na meno machache. Je, yote yang'olewe?

Hapa usikubali haraka. Ikiwa chonge mbili za chini bado zina mizizi imara, daktari anaweza kutibu mizizi hiyo, kuikata ikaribie usawa wa ufizi, na kuyaketisha meno bandia juu yake. Mizizi huuhifadhi mfupa, tena mzizi wa asili una hisia ya kupima nguvu ya kutafuna ambayo titani haina. Si wa kudumu kwa kila mtu, maana unaweza kuoza au kupatwa na ugonjwa wa fizi, lakini unaweza kukupa miaka kadhaa, na vipandikizi bado vitakuwepo. Kumbuka pia kwamba jino likishang'olewa, karibu nusu ya upana wa mfupa wa mahali pale inaweza kupotea ndani ya mwaka wa kwanza.

## Idadi na aina ya vishikizo

10. Je, ninahitaji vipandikizi vingapi?

Taya la chini: viwili, kwa kawaida mahali pa chonge. Taya la juu: visipungue vinne, kwa kuwa mfupa wake ni laini zaidi na juu yake kuna uwazi wa hewa unaopunguza urefu wa mfupa uliopo. Kwa vipandikizi vinne vilivyosambaa vizuri, meno ya juu yanaweza kutengenezwa bila kufunika kaakaa, jambo linalowafurahisha wale wanaotapika kila wakivaa ya kawaida.

Viwili vya chini havibebi mzigo wote. Hushikilia mbele, na nyuma meno hukaa juu ya ufizi, hivyo hutikisika kidogo unapotafuna upande wa magego, na punje za chakula zinaweza kupenya chini yake. Hali hiyo si kasoro ya kazi. Anayetaka uthabiti zaidi anaweza kuongezewa viwili.

11. Kitufe, upau au sumaku: kipi bora?

Vitufe vifupi, ambavyo madaktari wengi huviita kwa jina la biashara la Locator, ndivyo vinavyotumika zaidi siku hizi. Havihitaji nafasi kubwa, husafishwa kwa urahisi, na sehemu inayochakaa ni pete ndogo ya nailoni ambayo hubadilishwa kwa dakika chache. Rangi ya pete huonyesha nguvu yake ya kubana. Kichwa cha mviringo kinafanana navyo kiutendaji.

Upau ni kipande cha chuma kinachounganisha vipandikizi, na meno hubana juu yake kwa klipu. Hushika vizuri na hufaa pale vipandikizi vilipoinamiana, lakini unahitaji nafasi ya takriban milimita 12 au zaidi kati ya ufizi na meno ya upande wa pili, na chini yake pasiposafishwa ufizi huvimba. Sumaku hushika kwa nguvu ndogo na huweza kuliwa na kutu zikipoteza ganda lake, ila zinamfaa mtu mwenye mikono dhaifu.

12. Nimeshauriwa vipandikizi vyembamba kwa sababu ni nafuu. Je, nikubali?

Vyembamba ni vile vyenye unene usiofika milimita 3. Huwekwa bila kupasua ufizi sana na hufaa pale mfupa ulipo mwembamba. Kwa taya la chini kawaida huwekwa vinne, hivyo linganisha bei ya vinne na bei ya viwili vya kawaida kabla ya kuuita unafuu. Vinaweza kuvunjika, na kichwa chake huwa kimeungana na mwili wake, kwa hiyo kikichakaa hakibadilishwi peke yake.

## Upasuaji na kusubiri

13. Je, unauma, na unachukua muda gani hadi nipate meno?

Vipandikizi viwili huwekwa kwa sindano ya ganzi, na wengi husema uchungu wake ulikuwa mdogo kuliko wa kung'oa gego. Kabla ya hapo hupigwa eksirei ya taya zima, na pengine picha ya CT ili kujua mishipa ya fahamu ilipo. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Uji, mtori na supu iliyopoa vitakutosha siku za mwanzo. Mdomo wa chini au kidevu kikiendelea kufa ganzi baada ya dawa kuisha nguvu, mjulishe daktari siku hiyohiyo, kwa sababu huenda mshipa wa fahamu umeguswa.

Baadaye mfupa huachwa ushikamane na titani: takriban miezi mitatu kwa taya la chini, na minne hadi sita kwa la juu. Wapo wanaofungiwa meno mapema zaidi, hata ndani ya siku chache, vipandikizi vikiwa vimekazana vya kutosha. Uamuzi huo hufanywa baada ya kupimwa kukazana kwake, na haufai kuahidiwa kwenye tangazo.

Wakati wa kusubiri unaweza kuvaa meno yako ya zamani, baada ya daktari kuyachonga ndani na kuyawekea tabaka laini ili yasivikandamize vipandikizi. Wiki ya kwanza au mbili huenda ukaambiwa uyaache. Anayefunga Ramadhani apange upasuaji nje ya mwezi huo akiweza, kwa sababu dawa za saa nane nane na kusukutua haviendi pamoja na saumu.

14. Je, meno bandia niliyo nayo yanaweza kutumika?

Yanaweza, ikiwa ni mazima, yanakutana sawasawa na ya upande wa pili na akriliki yake ni nene vya kutosha kuchimbwa nafasi ya vishikizo. Hili hupunguza gharama sana. Hatari yake ni kuvunjika hapohapo juu ya kipandikizi, penye wembamba, na ndiyo maana mapya mara nyingi huwekewa chuma ndani yake.

## Kula na kuongea

15. Je, nitatafuna nyama choma na mahindi ya kuchoma?

Nyama iliyokatwa vipande, ndiyo. Ugali, mhogo wa kuchemsha, chapati na matunda, bila shida. Hindi la kuchoma bora ulipukuchue, kwani kung'ata kwa meno ya mbele huyainua ya nyuma na kuzichosha pete za nailoni. Muwa na mifupa usiviguse. Meno bandia ya kawaida hutoa nguvu ya kung'ata isiyofika nusu ya meno ya asili. Vipandikizi huiongeza kwa kiasi kinachohisiwa tangu wiki za mwanzo, lakini havikurudishii miaka yako 25.

Matamshi hutulia haraka kwa taya la chini. Kwa la juu, sauti za th na dh zinazohitaji ulimi ufike kwenye meno ya mbele husumbua kidogo. Kusoma kwa sauti kila siku husaidia.

## Usafi na matengenezo

16. Nisafishe vipi, na je, nilale nayo?

Yavue usiku. Ufizi uliofunikwa usiku na mchana huota kuvu na kuwa mwekundu, hasa kwenye kaakaa. Meno yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni ya maji isiyo kali, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya meno yenye chembechembe huyakwaruza, maji ya moto huyapinda, na dawa ya kung'arishia nguo huharibu sehemu za chuma.

Halafu rudi kinywani, hatua ambayo wengi huisahau. Vichwa vya vipandikizi visuguliwe kuzunguka shingo yake, mahali chuma kinapoingia ufizini, asubuhi na jioni. Kipandikizi hakiozi, lakini ufizi wake huugua na mfupa wake huliwa kama ule wa jino, mara nyingi bila maumivu. Damu, usaha au harufu mahali hapo ni sababu ya kwenda kliniki wiki hiyohiyo.

17. Yameanza kulegea baada ya miezi kadhaa. Je, kipandikizi kimefeli?

Huenda sivyo. Mara nyingi pete za nailoni zimechakaa, nazo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 au zaidi, kutegemea mvaaji. Sababu ya pili ni mfupa wa nyuma kuendelea kusinyaa, hivyo meno hucheza kama pembea; dawa yake ni kuongeza akriliki upande wa ndani ili yakae tena juu ya ufizi. Ikiwa kipandikizi chenyewe kinatikisika kwa kidole, hicho kimefeli, na kwa kawaida hutolewa na mahali pake pakapona kabla ya kingine kuwekwa. Katika taya la chini hilo hutokea mara chache: tafiti nyingi huonyesha vipandikizi zaidi ya 95 katika kila 100 vikiwa bado kazini baada ya miaka mitano.

## Gharama na daktari

18. Nimwulize nini daktari kabla ya kulipa?

Uliza bei iliyogawanywa: picha, vipandikizi, vichwa, meno yenyewe, na matengenezo ya miaka mitano ya kwanza. Kipengele hicho cha mwisho ndicho husahaulika, na ndicho huwafanya watu waache kuyavaa meno waliyoyalipia sana. Mikataba mingi ya bima ya afya huvitenga vipandikizi, kwa hiyo pata jibu la bima kwa maandishi. Hakikisha daktari amesajiliwa, Tanzania Bara kwa Baraza la Madaktari Tanganyika na Kenya kwa baraza linalofahamika kwa kifupi cha KMPDC. Dai pia kadi yenye jina la mtengenezaji wa kipandikizi, unene na urefu wake. Skrubu za kampuni moja haziingiani na za nyingine, na bila kadi hiyo daktari wa mji mwingine atakuwa anabahatisha.

## Hali za pekee

19. Ninaishi Muscat (au London) na likizo yangu ni wiki tatu. Je, nifanyie nyumbani?

Inawezekana kwa safari mbili: ya kwanza kusimika vipandikizi, ya pili, baada ya muda uliotajwa katika swali la 13, kufunga meno. Katika safari ya pili usifunge mizigo siku unayokabidhiwa meno; vidonda vya kubanwa hujitokeza siku chache baadaye na huhitaji kuchongwa. Kabla ya kuanza, mtafute kule unakoishi daktari atakayekubali kubadilisha pete, maana wapo wanaokataa kugusa kazi ya mwingine.

20. Je, mtoto aliyezaliwa bila meno mengi anaweza kuwekewa?

Kwa kawaida vipandikizi husubiri taya limalize kukua, kwa sababu havisogei na mfupa kama meno yanavyosogea. Kwa watoto wenye kasoro ya kuzaliwa inayowanyima karibu meno yote, sehemu ya mbele ya taya la chini imewahi kutumiwa mapema, chini ya uangalizi wa timu ya wataalamu. Hadi hapo huvaa meno bandia ya kawaida yanayobadilishwa kadiri wanavyokua.

21. Je, vipandikizi vitazuia kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kali) au kulia kwenye mitambo ya uwanja wa ndege?

Titani haivutwi na sumaku, na vipandikizi ni vidogo mno kwa mitambo mingi ya ukaguzi. Kwa MRI vua meno, na mweleze mpigaji picha. Mwenye vishikizo vya sumaku aseme mapema zaidi, kwani hata sehemu inayobaki kinywani inaweza kuharibu picha ya kichwa.

22. Baada ya kuwekewa ya chini, meno yangu ya juu yameanza kulegea. Kwa nini?

Taya la chini lililoimarika mbele hung'ata kwa nguvu zaidi, na meno ya juu yasiyo na vipandikizi hupokea nguvu hiyo mahali pale pale, yakishuka nyuma na kuusukuma mfupa wa mbele. Daktari huanza kwa kurekebisha namna meno yanavyokutana ili ya mbele yasigusane kwa nguvu, kisha huongeza akriliki ndani ya yale ya juu. Ufizi wa mbele ukiwa tayari umekuwa laini na wa kutikisika, vipandikizi vya juu huwa jambo la kuzungumziwa.

23. Mama amepata kiharusi na hawezi tena kuyavua. Tufanye nini?

Kliniki inaweza kuweka pete za nguvu ndogo kabisa ili mtunzaji aweze kuyavua kwa mkono mmoja, na kuwafundisha wa nyumbani usafi ulioelezwa katika swali la 16. Hata hilo likishindikana, vichwa hufunguliwa na vipandikizi hufunikwa kwa vifuniko bapa vilivyo sawa na ufizi, visivyokwaruza ulimi wala kukusanya uchafu mwingi. Vipandikizi vyenyewe huachwa mfupani bila madhara, na mama hula chakula laini au huvaa meno ya kawaida akiyavumilia.